Lundha, Mahali Nchi Iliposema

Ukitoka bonde la Lambwe, ukavuka Ghuba ya Winam na kukata kaskazini hadi Gem, utafika Lundha. Hapo, tarehe 23 Desemba 1921, machifu, walimu na wakulima walikusanyika wakakubaliana juu ya madai ya kumpelekea Gavana. Jonathan Okwiri alikuwa mwenyekiti, Benjamin Owuor katibu, Simeon Nyende mweka hazina. Harakati yao ikajulikana kama Piny Owacho: nchi imesema.

Walidai kitambulisho cha kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, kambi za kazi zifungwe, nao wapewe hati za ardhi yao. Lakini dai linalonigusa kuliko yote ni la neno moja. Mwaka 1920 Kenya ilikuwa imegeuzwa koloni, nao wakataka irudi kuwa nchi lindwa. Mkulima ana haja gani na jina la nchi? Haja kubwa. Anayelindwa bado ana chake. Nchi ikishakuwa koloni, hata shamba alimozikwa babu yako lina mwenyewe mwingine. Na piny, kwa Dholuo, ni nchi na ni ardhi pia. Kwa hiyo aliyekuwa akilalamika pale Lundha ni udongo wenyewe.

Malalamiko ya namna hii ni ya kale sana. Mwaka 1960, kwenye ngome ya Mesad Hashavyahu, kusini mwa Yafa, vilichimbuliwa vigae vilivyoandikwa Kiebrania kwa wino katika karne ya 7 kabla ya Kristo. Mvunaji anamlilia mkuu wa ngome: nimemaliza kazi yangu, na bado Hoshayahu mwana wa Shobai amenivua nguo, waulizeni ndugu zangu tuliovuna pamoja juani. Wataalamu wangali wanabishana juu ya neno moja, kama alimaliza kabla ya Sabato au kabla ya kupumzika tu. Mimi macho yangu hutua kwa wale ndugu. Mvunaji hana cheo wala mali; ana watu waliomwona. Lundha nao walifanya vivyo hivyo, ila mashahidi wao walikuwa umati mzima.

Julai 1922 Gavana alikuja Nyahera, karibu na Kisumu, kuwasikiliza. Kodi ikashuka kutoka shilingi 16 hadi 12, na kambi zikafungwa. Jina la koloni lilibaki hadi Desemba 1963.