Hadithi zitampa ugali?

Karibu na Buzwagi, wilayani Kahama, mzee mmoja aliniuliza swali ambalo halijanitoka. Binti yake amechagua kusoma fasihi chuo kikuu, kulinganisha hadithi za mataifa. "Mwanangu," akasema, "hizo hadithi zitampa ugali?"

Sikumcheka. Mgodi wa Buzwagi ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, ukafungwa mwaka 2021. Watu wa huko wanajua ajira kuota mbawa.

Lakini somo hilo lina historia yake. Oktoba 24, 1968, wasomi watatu mjini Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe chuoni. Hawakusema Shakespeare atupwe. Waliuliza kwa nini Uingereza iwe kitovu, na sisi tuwe pembezoni. Afrika ikae katikati, masimulizi ya wazee yakiwemo, kisha tuwatazame wengine kutokea hapo.

Kutokea Buzwagi tunaona nini? Wasukuma husimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu, hadi kijana Masala Kulangwa alipoliua na watu wakatoka tumboni wakiwa hai. Wasotho, mbali kusini, husimulia Kholumolumo na kijana Senkatana. Zimwi ni lile lile. Ila Masala husimuliwa kuwa alifanywa mtemi, na Senkatana aliuawa na hao hao aliowaokoa. Kwa nini watu humtawaza mkombozi huku, na kumuua kule? Swali hilo si la watoto, ni la siasa. Na huwezi kuliuliza kama unajua hadithi moja tu.

Tumeshawahi kuchelewa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Ilitoka mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe. Mwaka uliofuata akafariki.

Basi nilimjibu hivi: "Mzee wangu, kazi siwezi kumwahidia. Hata mgodi haukuweza. Ila kabla hajaondoka, mkalishe umsimulie Shing'weng'we mwanzo hadi mwisho. Asipokuwa na chake, huko chuoni atalinganisha nini na nini?"

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akamwita binti.