Nani Kaondoa Sura Kwenye Kava?

Nimekuwa kimya kidogo, chumba cha habari hakina huruma. Lakini wiki iliyopita limetokea jambo lililonirudisha kwenye kibodi haraka kuliko nilivyopanga.

Nina rafiki yangu mwimbaji. Jina lake halijawa kubwa, kwa hiyo hapa nitamwita Dada tu. Alimlipa kijana mmoja mwenye kompyuta amtengenezee kava la nyimbo zake sita za mapenzi. Kava likarudi na maua mekundu, maandishi ya mlazo yenye mng'ao wa dhahabu, na katikati mwanamke ambaye ni yeye na wala si yeye. Dada ni mweusi tii. Yule wa kwenye kava ana rangi ya chai ya maziwa. Alipouliza akajibiwa kwa upole kabisa: "Dada, nyimbo za mapenzi ndivyo zinavyotoka. Ukitoka na rangi yako hii hutauza."

Alinisimulia huku anacheka, lakini kicheko chenyewe nilikielewa.

Sina ugomvi na yule kijana. Kanuni hiyo hakuitunga yeye, ameikuta. Swali langu ni kwamba nani aliitunga, na je, imewahi kuwa kweli? Ili kulijibu itabidi tuvuke bahari hadi Marekani. Huko ndiko kava la santuri lilikopata sura tunayoijua, na huko kisa kama cha Dada kiliwakuta watu ambao nyimbo zao zinapigwa harusini kwetu mpaka leo.

Haya, tuanze mwanzo.

Miaka ya 1930 santuri nyingi ziliuzwa ndani ya mifuko ya karatasi tu. Kazi ndefu ilijaza santuri kadhaa, zikafungwa pamoja kama kitabu chenye mifuko, mfano wa albamu ya picha. Neno "albamu" tunalolitumia hadi leo limetoka hapo. Gamba la nje lilikuwa la rangi moja iliyopooza, na jina limeandikwa mgongoni. Watu wa biashara hiyo walizifananisha albamu hizo na mawe ya makaburini.

Mwaka 1939 kampuni ya Columbia ilimwajiri kijana wa New York mwenye miaka 22, Alex Steinweiss. Yeye akawashawishi mabosi wamruhusu achore kitu juu ya lile gamba. Kazi yake ya kwanza ilitoka 1940, ya nyimbo za Rodgers na Hart, ikiwa na picha ya ukumbi wa maonyesho na maandishi yanayowaka taa. Mauzo yakapanda, na kampuni nyingine zikaiga. Columbia ilipoleta santuri ndefu ya inchi 12 mwaka 1948, kila albamu ikawa na bango lake la mraba la kama sentimita 30 kila upande. Tangazo likawa limeingia ndani ya bidhaa yenyewe.

Hapo ndipo kanuni zilipoanza kuota. Mnunuzi amesimama dukani mbele ya santuri mia mbili na hawezi kuzisikiliza zote. Kava lazima limwambie kwa kutazama mara moja kuna nini ndani. Muziki wa wachunga ng'ombe ukapewa kofia pana na gitaa. Muziki laini wa jioni ukapewa mwanamke mrembo na taa hafifu. Kwenye jazi, kampuni ya Blue Note iliweka mtindo ambao watu wanauiga hadi leo. Francis Wolff, mzaliwa wa Berlin, alipiga picha wanamuziki wakiwa kazini studio, na kuanzia katikati ya miaka ya 1950 Reid Miles alizipanga picha hizo pamoja na herufi kubwa na rangi moja au mbili tu. Rangi zilikuwa chache kwa sababu bajeti ilikuwa ndogo. Ubahili ukageuka mtindo!

Ubaya uko wapi? Mpaka hapa hakuna. Ni kama khanga. Ukiona pindo, mji na jina, unajua hii ni khanga hata kabla hujasoma maneno. Kanuni za namna hii zinamsaidia mnunuzi na wala hazimwonei msanii.

Sasa tufike kwenye kidonda.

Mwaka 1920 kampuni ya Okeh ilitoa "Crazy Blues" ya mwimbaji Mweusi Mamie Smith. Ilinunuliwa kwa wingi, na kampuni zikashtuka kugundua kwamba Wamarekani Weusi nao wana pesa za kununua santuri. Likaanzishwa fungu zima lililoitwa "race records", yaani santuri za watu wa rangi. Matangazo yake yalijaa kwenye gazeti la Chicago Defender, gazeti la Weusi ambalo wahudumu wa treni walilisambaza hadi majimbo ya kusini. Kampuni ya Paramount, tawi la kiwanda cha viti huko Wisconsin, ilimthamini sana mwimbaji wake Blind Lemon Jefferson. Mwaka 1928 ilitoa santuri yenye lebo ya rangi ya limau, kufuata jina lake, na picha yake juu.

Kwa hiyo sura Nyeusi haikuwa tatizo pale mnunuzi alipokuwa Mweusi. Balaa lilianza muuzaji alipoanza kumnyemelea mnunuzi Mzungu. Jarida la Billboard lilibadili jina la chati ya "race records" mwaka 1949 na kuiita rhythm and blues. Muziki ukavuka barabara. Sura za wenye muziki zikaambiwa zisubiri upande wa pili.

Tazama mifano.

Mwaka 1957 Miles Davis alitoa Miles Ahead kupitia Columbia. Kava lake lilikuwa na mwanamke wa Kizungu na mtoto kwenye jahazi la starehe. Miles alilalamika, na matoleo ya baadaye yakawekwa picha yake mwenyewe na tarumbeta. Hakulisahau jambo hilo. Alipotoa Someday My Prince Will Come mwaka 1961, alisimamia aliyekaa kwenye kava awe mke wake, mcheza dansi Frances Taylor, mwanamke Mweusi. Kanuni ya "weka mwanamke mrembo" aliiacha kama ilivyo. Alichokataa ni ile tafsiri yake ya nani anahesabika mrembo.

Mwaka huohuo wa 1961, The Marvelettes, wasichana wa Motown, walishika namba moja kwenye chati kuu ya Billboard kwa wimbo "Please Mr. Postman". Ulikuwa wimbo wa kwanza wa Motown kufika hapo. Albamu ikatoka kwa jina hilohilo. Kwenye kava walikuwa wapi? Hawapo. Kuna mchoro wa sanduku la barua lenye utando wa buibui.

Mwaka 1965 Otis Redding alitoa Otis Blue. Ndani alirudia nyimbo tatu za Sam Cooke, aliyeuawa Desemba 1964, mmojawapo ukiwa "A Change Is Gonna Come", wimbo uliobeba matumaini ya Weusi kwamba mambo yatabadilika. Nje ya kava amewekwa msichana wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu. Mwaka uliofuata The Isley Brothers wakatoa This Old Heart of Mine, tena chini ya Motown, kampuni ya mtu Mweusi, Berry Gordy. Kwenye kava kuna vijana wawili wa Kizungu, mvulana na msichana, wako ufukweni.

Hapa tusiwe wepesi wa kuhukumu. Gordy hakuwa mjinga. Alianza kampuni Detroit mwaka 1959, wakati ubaguzi wa kisheria ukiwa bado hai kusini mwa nchi, na sheria ya haki za kiraia ilipita 1964 tu. Hofu ya wauzaji ilikuwa kwamba duka la kusini halitaiweka dirishani santuri ya mapenzi yenye sura Nyeusi. Santuri isiyowekwa dirishani hainunuliwi, na msanii wake halipwi. Ndiyo hesabu iliyopigwa. Naielewa, kama ninavyomwelewa yule kijana wa Dada.

Lakini je, hesabu yenyewe ilikuwa sahihi?

Mwaka 1956, mwaka mmoja kabla ya lile jahazi la Miles, Harry Belafonte alitoa Calypso. Sura yake iko pale kwenye kava, wazi. Albamu ilikaa namba moja Marekani wiki 31! Mwaka 1957 Nat King Cole naye alishika namba moja na Love Is the Thing, nyimbo za mapenzi tupu. Na mwaka 1965, ule wa Otis na msichana wa nywele za dhahabu, Belafonte na Miriam Makeba walitoa albamu ya pamoja, sura zao wote wawili zikiwa kwenye kava. Ndani yake umo wimbo wa mapenzi ambao kila msomaji wa hapa anaujua: "Malaika", kwa Kiswahili. Mwaka 1966 albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy.

Naomba urudie kusoma aya hiyo. Ushahidi ulikuwepo tangu 1956. Waliosema "sura hii haiuzi" hawakuwa wameshindwa kuuza. Waliogopa kujaribu, na kila mwoga mpya alionyesha kava la mwoga aliyemtangulia kama ushahidi. Hivyo ndivyo mazoea yanavyojigeuza kuwa sheria.

Yakabadilikaje? Waliojaribu ndio waliobadilisha. Kati ya 1964 na 1965 The Supremes walipata namba moja tano mfululizo, na Desemba 1964 walionekana kwenye televisheni katika kipindi cha Ed Sullivan. Motown iliyokuwa imewaficha Marvelettes sasa ilitangaza nyuso za Supremes kila mahali, chini ya kaulimbiu yake ya "Sauti ya Vijana wa Marekani". Haikusema sauti ya vijana Weusi wala ya vijana wa Kizungu.

Mwaka 1969 Isaac Hayes akafunga mjadala. Albamu yake ya Hot Buttered Soul ilikuwa na nyimbo nne tu, mmoja ukizidi dakika 18. Kava ni kichwa chake chenye upara, kimepigwa picha kutoka juu, na mkufu wa dhahabu shingoni. Upara Mweusi umejaza kava karibu lote! Ikaingia kumi bora za albamu Marekani. Mwaka 1971 akatoa Black Moses, ambayo kava lake ukilikunjua linakuwa msalaba wa futi 4 kwa 3, na yeye amesimama katikati kwa kanzu kama nabii. Tangu hapo muziki wa soul ukawa na kanuni mpya: sura ya mwimbaji, karibu, bila kificho. Waliokuja baadaye waliikuta hiyo wakadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Sasa nirudi kwa Dada.

Nilichojifunza ni kwamba kanuni za kava ziko za aina mbili, na tunazichanganya. Ipo inayomwambia mnunuzi muziki ni wa aina gani. Ipo nyingine inayomwambia msanii nani anastahili kuonekana. Ya kwanza ni ufundi wa biashara, iheshimu. Ya pili ni woga uliovaa nguo za biashara. Kuzitenganisha si kazi ngumu, jiulize tu: jambo hili linaniambia nini kuhusu wimbo? Maua mekundu yanasema mapenzi. Maandishi ya mlazo yanasema taratibu, sogea karibu. Ngozi iliyopaushwa inasema nini kuhusu wimbo? Haisemi kitu. Inasema jambo kuhusu sisi tunaonunua, na jambo lenyewe si zuri.

Dada alirudi kwa yule kijana na kumwomba abakize kila kitu, maua, dhahabu na maandishi, isipokuwa arudishe sura aliyopewa na mama yake. Kijana alisugua kichwa, akabofya mara mbili tatu, rangi ikarudi. Kisha akakaa kimya akiitazama. Akasema, "Kumbe dhahabu inaonekana zaidi hivi."

Kava hilo sasa linaishi kwenye simu, dogo kama stempu ya posta. Kama litauza au halitauza, hilo tutaliona. Lakini likiuza, atakayeuzika ni yeye.

Naomba kutoa hoja.