Nani Alimwita McCall? Miaka 40 ya The Equalizer

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuanza na kitabu, kisha tunailaumu sinema kwa kukiharibu. Hadithi ya Robert McCall ilikwenda kinyume: ilianzia kwenye televisheni, riwaya zikaja baadaye.

The Equalizer, iliyobuniwa na Michael Sloan na Richard Lindheim, ilionyeshwa na CBS ya Marekani toka 1985 hadi 1989. McCall, aliyeigizwa na Mwingereza Edward Woodward, ni jasusi aliyeacha kazi. Anatoa tangazo gazetini: mwenye shida, aliyezidiwa nguvu, apige simu. Mhakiki asilipite tangazo hilo hivihivi, maana ndilo linalobeba fani na maudhui. Polisi wameshindwa, sawa, lakini mnyonge anasema mwenyewe. Mzee anangoja kuitwa.

Mwaka 2014 Antoine Fuqua akaileta sinema, McCall akiwa Denzel Washington. Sasa anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Boston, na usiku anasoma The Old Man and the Sea mgahawani. Simu hakuna. Binti anayeitwa Teri anapopigwa na wanaomuuza, hamwombi McCall kitu. Jamaa anaamua peke yake: kwanza anawapa wale wahuni dola 9,800 wamwachie, wanapokataa, anatazama saa yake, anawaua. Teri ndiye aliyeumia, lakini kisanaa amebaki kisingizio tu. Ni mwishoni kabisa ndipo McCall anapojibu ombi la mtu kwenye kompyuta. Sinema nyingine mbili zikafuata, 2018 na 2023.

Mwaka uleule wa 2014 Sloan mwenyewe alitoa riwaya ya McCall, na nyingine mwaka 2018. Kisha televisheni ikamrudia: kuanzia 2021 hadi 2025 Queen Latifah aliigiza Robyn McCall, mama anayelea bintiye pamoja na shangazi. Wenye shida wanamtafuta tena. Na nyumbani wapo wa kumwuliza, "Ulikuwa wapi?"

Wenzangu watasema dhamira ni ileile, haki kwa wanyonge. Mimi nakataa. Mtetezi aliyeitwa anaweza kuambiwa basi, inatosha. Asiyeitwa nani atamzuia? Ukimvua wema alioandikiwa na mtunzi, anabaki mbabe kama wale anaowapiga. Basi tukishangilia ukumbini, tuulize kwanza: nani alimwita?