Kati ya Kitanda na Jembe: Historia Ndefu ya Kumwambia Mjamzito Atembee au Apumzike

Mwaka 1985 Chuo cha Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake cha Marekani, kinachojulikana kwa kifupi kama ACOG, kilimwekea mjamzito mipaka ya namba. Mapigo ya moyo yasizidi 140 kwa dakika. Mazoezi mazito yasipite dakika 15. Joto la mwili lisivuke nyuzi 38 za Selsiasi. Na mwezi wa nne ukishapita, asifanye zoezi lolote akiwa amelala chali.

Wakati huo wanawake wa Marekani walikuwa wameshaingia kwenye wimbi la aerobiki. Mwigizaji Jane Fonda alikuwa ametoa kanda za video za mazoezi, pamoja na ya wajawazito, na maelfu ya akina mama walikuwa wanaruka sebuleni mwao bila daktari kujua. Madaktari walitakiwa kusema jambo, nao utafiti waliokuwa nao ulikuwa haba. Wakachagua tahadhari. Ile 140 ikanakiliwa kitabu hadi kitabu, hata ikaonekana kama sheria ya maumbile.

Namba zilikuwa mpya, lakini hofu iliyozizaa ni ya kale sana. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili, kila kizazi cha waganga kimemwambia mjamzito jinsi ya kuutumia mwili wake. Ukisoma ushauri huo kwa mfululizo, unagundua kwamba karibu wote uliandikwa kwa ajili ya mwanamke mmoja tu: yule aliyekuwa na nafasi ya kukaa.

Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, alitaka mtunga sheria awaamuru wajawazito watembee kila siku hadi kwenye mahali pa ibada pa miungu wa uzazi. Aliamini kwamba mwanamke anayekaa bila kazi huzaa kwa shida. Wake wa raia wa Athens waliishi zaidi ndani ya nyumba, ndiyo maana alitafuta sababu ya kuwatoa nje. Watumwa wa kike waliowatekea maji hawakuhitaji amri ya kutembea.

Karne kadhaa baadaye, mwanzoni mwa karne ya 2 baada ya Kristo, daktari Soranus wa Efeso, aliyefanya kazi Roma, aliandika kitabu cha magonjwa ya wanawake ambacho bado kinashangaza. Aliigawa mimba kwa vipindi. Mwanzoni, mbegu inaposhika, alitaka mama atulie na aepuke mshtuko. Mimba ikishatulia, aongeze kutembea, abebwe kwenye kiti, hata asome kwa sauti, maana kwa Soranus kusoma kwa sauti lilikuwa zoezi la pumzi. Miezi ya mwisho apunguze. Ukiondoa kiti cha kubebwa, na ukiacha ule utulivu wa wiki za kwanza ambao sayansi ya leo haimlazimishi mama mwenye afya, hayo si mbali na anayoyasikia mjamzito kliniki hivi sasa.

Baada yake kwa muda mrefu hakuna kikubwa kilichobadilika. Alexander Hamilton, daktari wa uzazi wa Edinburgh, mwaka 1781 alishauri mazoezi ya kiasi na kuonya dhidi ya mtikisiko wa gari la farasi, kupanda farasi na kucheza dansi. Wakati wa Malkia Victoria, mama wa tabaka la juu wa Uingereza alijificha tumbo linapoanza kuonekana, akabaki chumbani. Kitanda kikawa dawa. Kiliendelea kuwa dawa hadi karne ya 20: mjamzito aliyeonyesha dalili ya kujifungua kabla ya wakati alilazwa wiki baada ya wiki. Leo ACOG yenyewe haipendekezi kumlaza mjamzito kitandani kwa desturi ili kuzuia hilo. Faida haikuonekana, ilhali kulala muda mrefu huleta hatari ya damu kuganda kwenye mishipa na mifupa kupungua nguvu.

Upande wa pili wa mji, katika karne hiyo hiyo ya Victoria, kulikuwa na mjamzito ambaye hakuna aliyemuuliza. Alisimama kwenye mashine za nguo hadi uchungu ulipomshika. Kwa huyu, historia iliandikwa na watunga sheria kwanza, madaktari wakafuata. Uswisi mwaka 1877 ilizuia wanawake kufanya kazi viwandani kwa wiki nane, kabla na baada ya kujifungua. Kisha Paris, daktari Adolphe Pinard akaanza kupima uzito wa vichanga. Mwaka 1895 alieleza kwamba watoto wa mama waliopumzika katika nyumba ya hifadhi kabla ya kujifungua walizaliwa na uzito mkubwa, kwa zaidi ya gramu 200, kuliko watoto wa mama waliofanya kazi hadi siku ya mwisho. Tunajua leo kwamba mama wa hifadhini walipata pia chakula na usingizi, kwa hiyo si haki kuyapa mapumziko sifa yote. Hata hivyo mizani ile ilisema jambo ambalo hotuba zilishindwa kusema. Mwaka 1909 Ufaransa ikapitisha sheria ya kulinda ajira ya mjamzito aliyeacha kazi kwa wiki nane, na mwaka 1913 sheria nyingine ikaongeza mapumziko ya lazima baada ya kuzaa.

Mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani lilipokutana Washington kwa mara ya kwanza, mkataba wake wa tatu ulihusu uzazi: wiki sita kabla na wiki sita baada. Jumla wiki 12, yaani siku 84. Msomaji wa Tanzania ataitambua namba hiyo, kwa sababu ndiyo siku 84 zilizoandikwa katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayomkataza pia mwajiri kumpa mjamzito kazi ya kuhatarisha afya yake au ya mtoto. Lakini mkataba ule wa 1919 ulihusu viwanda na biashara. Shamba halikutajwa. Jiko la mtu mwingine halikutajwa.

Hao waliobaki nje ya sheria waligeuzwa kuwa ushahidi. Daktari Mwingereza Kathleen Vaughan, aliyefanya kazi Kashmir, aliona wanawake waliotengwa ndani ya nyumba wakipata ugonjwa wa mifupa kulainika na nyonga kujikunja, hata mtoto akashindwa kupita. Wanawake wa kwenye mashua na mashambani walizaa kwa urahisi zaidi. Vaughan alihitimisha kwamba mwendo na kuchuchumaa huandaa nyonga, akaandika vitabu vya mazoezi ya kabla ya kujifungua. Alikuwa sahihi kwa sehemu: wanawake wale walifungiwa. Ila walichokikosa kwanza kilikuwa jua, ambalo huusaidia mwili kutengeneza vitamini D.

Grantly Dick-Read, Mwingereza mwingine, alikwenda mbali zaidi na pabaya zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu uzazi wa asili kilisaidia wanawake wengi wa Ulaya kupunguza hofu, na mafunzo ya kupumua na kulegeza misuli yakaenea kupitia yeye na wenzake. Lakini hoja zake zilimsimamisha mwanamke aliyemwita wa kiasili, anayejitenga kidogo kichakani, akazaa, kisha akarudi kwenye kazi yake. Picha hiyo imetudhuru. Ilimfanya mama wa Kiafrika aonekane hahitaji mapumziko wala daktari, kana kwamba jembe ni mazoezi na ndoo ni tiba. Mwaka 2020, karibu asilimia 70 ya vifo vyote vya uzazi duniani vilitokea Afrika kusini mwa Sahara. Mama zetu hawakuzaliwa na mwili mwingine.

Katika kipindi hicho hicho kulikuwa na kazi ya kimya zaidi. Katika hospitali ya St Thomas' jijini London, mkunga na mtaalamu wa viungo Minnie Randell alishirikiana na mcheza dansi Margaret Morris kutunga mazoezi ya wajawazito. Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa California alieleza mazoezi ya kubana misuli inayoshikilia kibofu na mji wa mimba, kwa ajili ya akina mama waliovujwa na mkojo baada ya kuzaa, na akabuni kifaa cha kupima nguvu ya misuli hiyo. Ni zoezi lisilohitaji uwanja wala viatu, na ningetamani kila mkunga alifundishe bila aibu, kwa sababu wanawake wengi huvumilia kuvuja mkojo miaka yote wakidhani ndiyo ada ya uzazi.

Turudi kwenye ile 140. Aliyeitikisa zaidi ni James Clapp, daktari wa uzazi aliyewafuatilia wakimbiaji na wacheza aerobiki tangu kabla hawajashika mimba. Katika utafiti alioutoa mwaka 1990, wanawake 87 waliendelea na mazoezi yao na 44 waliacha. Walioendelea hawakujifungua kabla ya wakati zaidi ya wenzao. Miongoni mwa waliojifungua kwa njia ya kawaida, uchungu mkali ulichukua wastani wa dakika 264 kwao, na dakika 382 kwa walioacha. Waliofanyiwa upasuaji walikuwa asilimia 6 upande mmoja na 30 upande wa pili. Wanawake hao walijichagulia wenyewe kundi, kwa hiyo namba hizo hazithibitishi kila kitu. Lakini zilitosha kuondoa hofu kwamba mwendo humtoa mtoto mapema.

Mwaka 1994 ACOG iliondoa kikomo cha mapigo na cha dakika. Sababu yake inaeleweka. Mimba hubadili moyo wenyewe: damu huongezeka kwa karibu nusu, na mapigo hupanda hata mama akiwa amekaa, hivyo namba moja haiwezi kuwatosha wote. Kipimo kilichochukua nafasi yake ni cha mdomo. Ukiweza kuzungumza huku unafanya zoezi, uko salama. Ukihema kiasi cha kushindwa kumaliza sentensi, punguza. Katazo la kulala chali muda mrefu halikuondoka, na lina msingi ulioelezwa na madaktari tangu mwaka 1953: tumbo likishakuwa zito hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, shinikizo hushuka na mama huona kizunguzungu. Mwaka 2002 chuo hicho hicho kilichohofia dakika 15 kilipendekeza dakika 30 au zaidi za mazoezi ya wastani karibu kila siku, kwa mjamzito asiye na tatizo.

Wanamichezo walikuwa wametangulia. Magda Julin wa Sweden alishinda dhahabu ya kuteleza kwenye barafu katika Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920 akiwa mjamzito. Nada Hafez wa Misri alishindana katika mchezo wa vitara Paris mwaka 2024 akiwa na mimba ya miezi saba. Nawataja kwa heshima, ingawa si kipimo cha mtu mwingine. Walikuwa na makocha, madaktari na mwili uliozoea miaka mingi.

Kipimo cha watu wa kawaida kilikuja na uchambuzi mkubwa wa watafiti wa Kanada, uliotolewa mwaka 2018 na kuzaa mwongozo wa mwaka uliofuata. Kwa wanawake waliofanya mazoezi, uwezekano wa kupata kisukari cha mimba, shinikizo la damu la mimba na hali inayotangulia kifafa cha mimba ulipungua kwa takriban asilimia 40. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani, WHO, likawaingiza wajawazito kwa mara ya kwanza katika mwongozo wake wa mazoezi: angalau dakika 150 za wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka kunatosha, kuogelea pia. Aliyekuwa hafanyi lolote aanze kidogo na kuongeza polepole. Joto kali liepukwe na maji yanywewe. Michezo ya kugongana na ya kuanguka iachwe.

Wapo wasiopaswa kuanza kabla ya kuongea na daktari au mkunga: mwenye kondo la nyuma lililoziba mlango wa kizazi, mwenye damu inayotoka, mwenye mlango wa kizazi uliolegea, mwenye shinikizo lililopanda, mwenye upungufu mkubwa wa damu, mwenye ugonjwa wa moyo. Na yeyote aliyeanza aache mara moja na aende kituo cha afya akiona damu au maji ukeni, akisikia uchungu unaokuja kwa vipindi, kifua kuuma, kichwa kuuma sana, kizunguzungu, au shavu la mguu likivimba na kuuma.

Mwongozo wa WHO unahesabu pia kazi za nyumbani, safari za miguu na kazi ya kipato. Maana yake mama anayekwenda kisimani mara tatu kwa siku na ndoo ya lita 20 kichwani, kisha akalima, amezipita dakika 150 siku nyingi. Kwake swali ni kiasi gani kimezidi, na amekula nini. Jibu zuri zaidi ninalolijua limetoka Gambia. Huko watoto huzaliwa na uzito mdogo zaidi katika miezi ambayo ghala limeisha na shamba linadai nguvu zote. Katika utafiti wa vijiji 28, wajawazito wa baadhi ya vijiji walipewa nyongeza ya chakula, biskuti za karanga, na matokeo yakatolewa mwaka 1997. Katika msimu wa njaa na jembe, uzito wa vichanga wao wakati wa kuzaliwa uliongezeka kwa wastani wa gramu 201. Katika msimu wa mavuno nyongeza ilikuwa gramu 94. Shamba lilikuwa lile lile, tofauti ilikuwa kwenye sahani.

Kadi ya kliniki ina nafasi ya uzito, ya shinikizo na ya damu. Nesi anaweza kuongeza maswali mawili kwa mdomo, dakika moja tu: mama, maji unachota wapi, na nyumbani nani mwingine anaweza kuyachota mpaka ujifungue?