Kusubu herufi, kubana mwigizaji

Kwa wachapaji, neno la Kiingereza typecasting lilihusu kusubu herufi: risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati na antimoni ilimiminwa kwenye kalibu. Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune lilianza kutumia mashine ya Ottmar Mergenthaler, iliyosubu mstari mzima kwa mkupuo.

Kwenye sinema, neno hilo humhusu mtu: mwigizaji anayebanwa katika nafasi za aina moja. Bela Lugosi alicheza Dracula mwaka 1931, na tangu hapo akawa akipewa hasa nafasi za kutisha watu. Leonard Nimoy, aliyeigiza Spock katika tamthilia ya Star Trek, alitoa kitabu mwaka 1975 chenye jina la kukana kuwa yeye ni Spock. Mwaka 1995 akatoa kingine, akakiri kuwa ndiye!

Waandishi wa programu nao hutumia neno hilo wanapogeuza aina ya data. Katika lugha ya C, 3.9 ikifanywa namba kamili hubaki 3; desimali hukatwa tu.