Zumari na Ndugu Yake wa Sauti Nzito

Neno zumari, ambalo wengine hutamka nzumari au zomari, limetoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa mizmar. Mwalimu wa Bariadi hulikuta vitabuni, lakini katika ngoma za Wasukuma chombo chenyewe hakimo. Basi ni rahisi kuwaambia watoto kwamba ni filimbi, au tarumbeta, na kupita. Twaona si halali kupita hivyo. Filimbi hulia pumzi ikatwapo na ukingo wa tundu, na tarumbeta kwa mtetemo wa midomo. Bali zumari hulia kwa ndimi mbili nyembamba zipiganazo zikipulizwa. Wako waliolifananisha na klarineti, nayo ina ulimi mmoja tu. Nduguye halisi katika Ulaya ni obo.

Huko Lamu zumari hulia katika kirumbizi, mchezo wa fimbo, na kwa Wadigo katika sengenya. Ni mti uliotobolewa, mwembamba juu na mpana chini, wenye matundu machache ya vidole. Ndimi zake hukatwa katika jani la mnazi au mmea wa jamii yake. Mpigaji huziingiza zote kinywani, akakaza midomo juu ya kisahani kilichowekwa chini yake, akavuta pumzi puani huku mashavu yaliyojaa yakiendelea kusukuma. Kwa hiyo sauti haikatiki. Ni sauti kali, ya juu, isikiwayo mbali.

Ulaya pia ilipokea vyombo vya namna hii kutoka Mashariki, lakini wenyeji wake wakataka ukoo mzima, wadogo kwa wakubwa. Michael Praetorius, katika kitabu chake cha mwaka 1619, alieleza zumari za besi ndefu kumpita mtu kimo. Hizo ziliachwa. Zamani za karibu zaidi, katika mji wa Biebrich kando ya mto Rhine, Wilhelm Heckel na wanawe walitengeneza mwaka 1904 chombo kilichopewa jina lao, hekelfoni. Obo ina urefu wa sentimeta 65 hivi. Hekelfoni yafikia kama mita 1.2, na sauti yake ni oktava moja chini. Richard Strauss aliitumia katika opera yake Salome, iliyochezwa mara ya kwanza Dresden mwaka 1905, na Paul Hindemith akaiandikia utungo wa vyombo vitatu mwaka 1928. Hata hivyo zilizotengenezwa hazizidi sana 150, na okestra nyingi hazina hata moja.

Je, pwani yetu ilikosa sauti nzito? La. Kazi hiyo ilipewa ngoma. Chini ya zumari huenda chapuo, na chini ya chapuo vumi, ambalo jina lake lasikika ndani ya kitenzi kuvuma. Kwa maoni yetu huo ni mpango wa busara, kwani besi ya mti ni ghali na nzito kuchukua.

Wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi walifika pwani mara nyingi katika karne ya 19, wakarudi na nguo na shanga, lakini zumari halikushika mizizi kwao. Anayejua mashindano ya Bagika na Bagalu baada ya mavuno hatashangaa. Mshindi ni yule avutaye watu wengi zaidi, na ningi huwavuta kwa maneno ya wimbo wake. Mwenye ndimi za zumari kinywani hawezi kuimba.

Lakini darasani jambo lenyewe laweza kuonyeshwa bila gharama. Chukua bua bichi la mpunga, lenye uwazi ndani, libane ncha mpaka iwe bapa, uikate pembe mbili kwa wembe, ubaki na ndimi mbili. Likipulizwa hulia kama zumari changa. Lipunguze, sauti hupanda. Chomeka bua jingine mwishoni ili liwe refu, nayo hushuka.