Kuona na Kupima: Kitazamio katika Kamera za Kipimaumbali, 1925–1959

Watafiti wanaotumia picha za karne ya 20 kama ushahidi wa kihistoria huuliza ni nani aliyezipiga, lini na kwa madhumuni gani. Ni nadra kuuliza mpiga picha aliona nini hasa alipobonyeza kitufe. Makala hii inadai kwamba swali hilo halijibiki bila kuielewa historia ya kitazamio.

Kamera ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack katika kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, iliingia sokoni mwaka 1925. Ilitumia filamu ya sinema ya milimita 35, yenye fremu ya milimita 24 kwa 36. Kitazamio chake kilionyesha mipaka ya picha tu. Umbali ulikadiriwa kwa macho, au ulipimwa kwa kifaa cha ziada na namba yake kuhamishiwa kwenye lenzi. Mwaka 1932, Leica II na Contax ya Zeiss Ikon ziliiondoa hatua hiyo kwa kuunganisha kipimaumbali na lenzi. Madirisha mawili yaliyotengana huleta taswira mbili za kitu kimoja. Lenzi inapozungushwa, taswira moja husogea, na zinapolingana, lenzi huwa imelengwa sawasawa. Hata hivyo, jicho lililazimika kuhama kutoka tundu la kupimia hadi la kutazamia. Contax II ya mwaka 1936 iliyafanya matundu hayo kuwa moja.

Leica M3 ya mwaka 1954 iliongeza mistari angavu ya fremu kwa lenzi za milimita 50, 90 na 135. Mistari hiyo ilijisogeza kulingana na umbali ili kusahihisha paralaksi, yaani tofauti kati ya kinachoonwa na dirisha na kinachoonwa na lenzi. Usahihi wa kulenga hutegemea nafasi baina ya madirisha ikizidishwa kwa ukuzaji wa kitazamio: katika M3, milimita 68.5 mara 0.91, yaani takriban milimita 62.

Kipimo hicho hakikutosha kwa lenzi ndefu zaidi wala kwa vitu vya karibu sana. Kamera za kioo cha ndani, hasa Nikon F ya mwaka 1959, zilimwonyesha mpiga picha taswira ya lenzi yenyewe, na wanahabari wengi wakahamia huko.

Tofauti hiyo ina uzito katika usomaji wa picha. Ndani ya kitazamio cha kipimaumbali, cha mbele na cha nyuma huonekana bayana kwa pamoja. Ukungu hujitokeza baada ya filamu kusafishwa. Kwa hiyo, mandhari yenye ukungu au kichwa kilichokatwa ukingoni si ushahidi wa kutosha wa uamuzi wa kisanii au wa kisiasa. Ni kweli kwamba wapiga picha wazoefu waliweza kukokotoa ukungu huo kwa vipimo vilivyochorwa kwenye lenzi. Lakini kukokotoa si kuona, na mtafiti hana budi kuvitenganisha.

Inapendekezwa, basi, kwamba sera za nyaraka zitake aina ya kamera na lenzi irekodiwe pale inapojulikana, na filamu hasi zihifadhiwe zikiwa kamili. Chapa iliyopunguzwa kingo huficha mipaka ya fremu, na pamoja nayo dalili za kile ambacho jicho lilikiona.